Namna ya kuzungumza na mchumba msiyekubaliana naye kuhusu kazi za mume na za mke

Nimetumwa kupeleka posa mara tisa, nyingi zikiwa Tanga na Dar es Salaam na moja Morogoro, na katika hizo zipo mbili ambazo zilikubaliwa, kishika uchumba kikapokelewa, kisha mambo yakavunjika kabla ya ndoa. Watu hudhani daima kwamba uchumba huvunjwa na mahari. Katika posa ya kwanza, binti alikuwa na duka la vitambaa alilolianzisha kwa meza moja ya barazani, na kijana aliyempenda kwa uhodari huo huo alikuwa akiamini, bila kumwuliza mtu yeyote, kwamba duka litafungwa wiki ya harusi. Katika ile ya pili, binti alikwisha kuamua moyoni kwamba mume ndiye atakayelipa kila kitu ndani ya nyumba, naye kijana alikwisha kupiga hesabu za kodi ya nyumba akiujumlisha na mshahara wa mke mtarajiwa. Wote wanne walikuwa watu wema na hakuna aliyemdanganya mwenzake, ila kila mmoja aliliona jambo lake kuwa wazi mno kiasi kwamba halikuhitaji kusemwa.

Ninayoyaandika hapa ni kwa watu wa namna hiyo, waliopendana kweli lakini mmoja amelelewa kuamini kwamba mume ni kichwa cha nyumba na jiko ni la mke, na mwingine haamini hivyo, au anaamini nusu yake tu. Sikusudii kuamua nani ana haki. Mshenga akianza kuamua, kazi yake imekwisha.

Anza na kilichokuvutia

Kabla hujamhoji mwenzako, jihoji wewe. Yule kijana wa duka la vitambaa alinisimulia kwamba alimpenda binti siku alipomsikia akibishana na konda wa daladala kwa ajili ya chenji ya shilingi mia mbili, kwa sauti ya chini na bila tusi, mpaka konda akaitoa. Aliisimulia hadithi hiyo kwa fahari. Nilimwuliza kama amewahi kufikiri kwamba mwanamke asiyeacha shilingi mia mbili kwa konda hatanyamaza akiona laki mbili zimetoka nyumbani bila maelezo, akacheka, lakini hakujibu. Wapo na wasichana wanaompenda mwanamume kwa kuwa hasitasiti: ndiye anayemwelekeza dereva wa bajaji, ndiye anayeagiza chakula, ndiye anayelipa, na baada ya mwaka wanalia kwamba amenunua kiwanja Kibaha bila kuwashauri.

Chukua karatasi uandike mambo matatu yaliyokuvuta kwa mtu huyu, na mbele ya kila moja uandike litakudai nini mkiishi nyumba moja. Ukimpenda mtu kwa kujiamini kwake, deni lake ni kwamba atakupinga. Ukimpenda kwa upole na utii, utakuja kubeba peke yako maamuzi ambayo ungetamani mtu akusaidie. Karatasi hiyo si ya kumwonyesha mwenzako. Ni ya kukuzuia usije ukamtaka abadilishe kitu kile kile kilichokupeleka kwake.

Uliza kuhusu kazi, usiulize kuhusu msimamo

Maneno kama “usawa”, “haki sawa”, “mila zetu” na “kichwa cha nyumba” yana hasara moja kubwa katika mazungumzo ya wachumba, nayo ni kwamba kila mtu huyajibu kwa niaba ya jeshi zima. Mwulize kijana kama anaamini usawa, na papo hapo hazungumzi tena nawe, anazungumza na wanaharakati aliowasikia redioni. Mwulize binti kama anaheshimu mila, naye ataanza kujitetea dhidi ya shangazi zake wote kwa pamoja. Mtaachana saa nne usiku mkiwa mmejadili taifa zima na hamjui bado nani ataamka saa kumi na moja alfajiri kumwandaa mtoto.

Kwa hiyo uliza jambo lenyewe. Mtoto akipata homa na shule ikapiga simu, itapigwa kwa nani, na nani ataomba ruhusa kazini? Mshahara ukiingia, utakaa kwenye akaunti ya nani, na mwenzake ataujua kwa kuambiwa au kwa kukisia? Ndugu akija kutoka kijijini akiwa na begi kubwa na maneno machache, nani atamwambia kwamba chumba kimoja hakitoshi? Ukihamishiwa kazi Mwanza, nitakufuata au utarudi kila baada ya miezi miwili, na je, mimi nikihamishwa?

Njia nyepesi ya kuingilia maswali haya ni kuuliza habari za kwao badala ya habari zake. “Kwenu nani alikuwa akiamka wa kwanza?” ni swali ambalo halimshtaki mtu. Mtu atakueleza kwamba mama alikuwa akiwasha moto kabla ya adhana, au kwamba baba ndiye aliyekuwa akichota maji kisimani kwa baiskeli kwa sababu mama alikuwa na mgongo, na katika namna anavyosimulia utasikia kama jambo hilo analisikitikia, analitamani, au hajawahi kuliwaza. Sikiliza mpaka mwisho. Kosa ninaloliona mara nyingi, hasa kwa watu waliosoma, ni kumkatiza mwenzao palipo na kosa ili kumsahihisha, wakati simulizi ilikuwa bado inaelekea kwenye jambo lenyewe.

Usimalize maswali yote kwa siku moja. Mshenga huenda, husikia, huomba ruhusa ya kurudi, na katikati ya safari hizo watu hulala na kuamka na maneno yao. Jibu la papo kwa hapo kuhusu maisha ya miaka thelathini mara nyingi ni jibu la mtu aliyetaka kukupendeza, nalo halina thamani kwako.

Haogopi jiko, anaogopa macho

Nenda kwenye shughuli yoyote ya pwani uangalie wanaopika pilau. Masufuria makubwa yamepangwa nyuma ya nyumba juu ya mafiga, moshi umetanda, na mara nyingi wanaokoroga kwa miko mirefu ni wanaume waliojifunga taulo shingoni, wakionja na kupigiana kelele kuhusu bizari. Anayekaanga chipsi barabarani ni mwanamume, muuza pweza wa Forodhani ni mwanamume, dobi anayepiga pasi ni mwanamume, na fundi cherehani wa barazani vivyo hivyo. Mwanamume wa kwetu, basi, hapungukiwi na ujuzi wa jiko wala wa nguo. Kinachomtia hofu ni kuonekana akiifanya kazi hiyo bure, nyumbani kwake, na mtu anayeweza kwenda kusimulia.

Ukilielewa hilo utazungumza tofauti kabisa. Badala ya kudai kwamba “wanaume wote waingie jikoni”, mtauliziana nini kifanyike tukiwa wawili, nini kifanyike wageni wakiwepo, na nini kifanyike tukiwa kwa wazee. Wapo watakaosema huo ni unafiki. Mimi nauona kuwa ni utaratibu, mradi wawili wenyewe wameupanga na hakuna anayeumia kimya kimya. Binti mwenye shahada mbili akienda Bukoba kwa wakwe akipiga magoti kuamkia, hakuacha imani yake mlangoni. Ameamkia wazee kwa namna wanayoielewa. Lakini kama kijana anategemea magoti hayo hayo jioni nyumbani Tabata, hilo inabidi lisemwe kabla, si ligunduliwe baadaye.

Niliwahi kuona jambo hili likifanywa vizuri, na tangu hapo ndilo mfano ninaoutoa. Kijana mmoja, fundi wa majokofu, alimpeleka mchumba wake kwa mama yake Pangani kwa mara ya kwanza. Chakula kikatengwa mkekani, wajomba wanne wamekaa, na mama akamkabidhi binti birika la maji na beseni ili awanawishe. Lilikuwa jaribio, kila mtu alilijua. Binti hakuwa wa kukataa, wala hakuwa wa kukubali. Alisimama tu na vile vyombo mkononi, kwa muda wa pumzi mbili. Kijana akainuka, akachukua birika, akamwachia beseni, na wakaanza kwa mjomba mkubwa, yeye akimwaga, binti akikinga. Hakutoa hotuba. Mjomba wa tatu akatania kwamba siku hizi maji yanaletwa na fundi mwenyewe, watu wakacheka, na chakula kikaliwa. Mama alikunja uso kidogo, lakini hakuwa na la kulalamikia, kwa kuwa mgeni alinawisha na wajomba waliheshimiwa. Baadaye nilimwuliza kijana kama walipanga, akasema walichopanga ni kitu kimoja tu: kwa wakwe wa kila mmoja, mwenye kwao ndiye anayemkinga mwenzake. Nawashauri muwe na kanuni kama hiyo. Mke asiachwe abishane na mama mkwe, na mume asiachwe ajieleze kwa kaka za mke.

Mila ipi, na aya ipi?

Siku moja, bila shaka, mmoja wenu atasema kwamba “mila za Kiafrika haziruhusu” au kwamba “dini imekataza”. Usishindane na sentensi hiyo. Omba ifafanuliwe, kwa adabu ya mtu anayetaka kujifunza, kwa sababu ukiifafanua hupungua ukubwa. Waluguru wa milima ya Uluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Wamakonde na Wayao wa kusini nao ukoo wao kwa asili ni wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Wachagga na Wakurya ni kinyume chake. Kijana wa Mara na binti wa Morogoro wanapoambiana “mila yetu”, wanataja vitu viwili tofauti kwa jina moja, na ile posa yangu ya Morogoro ilitaka kukwama hapo hapo, kwa kuwa upande wa kijana walipeleka maneno kwa baba wakati aliyepaswa kuyasikia kwanza ni mjomba.

Katika dini ni hivyo hivyo. Mwislamu anayesema mke ni wa kutunzwa amesema kweli, kwani kumlisha, kumvisha na kumpa makazi ni wajibu wa mume. Lakini dini hiyo hiyo inasema mahari ni ya mke mwenyewe, si ya baba yake, na mali ya mke hubaki ya mke. Mkristo hupenda kunukuu Waefeso mlango wa 5 aya ya 22 inayowataka wake wawatii waume, na huruka aya ya 21 inayowataka wote wanyenyekeane, na ya 25 inayomtaka mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda kanisa. Someni mlango mzima pamoja. Anayetegemea aya nusu atajua mwenyewe, na si lazima umwambie.

Pesa

Hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine kote, na ndipo pande zote mbili hujipendelea. Wapo wanaume wanaotaka mke anayeleta mshahara kama wa mjini na anayehudumia kama wa zamani. Wapo wanawake wanaotaka usawa katika maamuzi, lakini kwenye matumizi kanuni yao ni “hela yake ni yetu, hela yangu ni yangu”. Kanuni zote mbili ni nyepesi kuzikubali ukiwa upande unaonufaika. Ninapowakalisha wachumba huwaomba kila mmoja aandike, bila kuangaliana, kodi, chakula, ada, umeme, michango ya harusi na misiba, pesa za wazazi wa pande zote mbili, na mchezo au kikoba, kisha aandike mbele ya kila kimoja nani atalipa. Wanapobadilishana karatasi, ukimya unaofuata una manufaa kuliko ushauri wowote nitakaotoa. Anayeshangaza zaidi mara nyingi ni yule aliyejiita wa kisasa.

Ni vizuri pia mjue sheria inasemaje, ili msibishane juu ya jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaupatia upande wa mila haki yake: mume ana wajibu wa kumtunza mke kwa kadiri ya uwezo wake, na mke mwenye uwezo anabeba wajibu huo mume asipoweza kujipatia riziki kwa ugonjwa au kuumia. Sheria hiyo hiyo inasema mwanamke aliyeolewa anaweza kumiliki mali yake kama mwanamume. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao sawasawa. Kwa hiyo swali la nani aandikwe kwenye hati ya kiwanja si la kuchokozana, ni la lazima. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Mwanamume anayesema “mke wangu atakaa nyumbani” anapaswa kujua kwamba kukaa nyumbani si kukaa bure. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika mgawanyo wa mali ya ndoa. Naye mwanamke anayetaka kuacha kazi kwa kutegemea kauli hiyo ajue kwamba rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufua dafu. Zungumzeni mapema: akikaa nyumbani atakuwa na pesa yake kiasi gani kila mwezi, isiyohitaji kuombwa wala kuelezwa? Mwanamume anayelikataa swali hili bila hata kulifikiri amekueleza mengi.

Suala la mke wa pili nalo lisemwe waziwazi hata kama mnaliona haliwahusu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ndoa nyingine huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla ya ndoa, na siku hizo si za kuanza mjadala huu upya. Zanzibar ndoa za Waislamu ziko mbele ya Mahakama za Kadhi, kwa hiyo wa huko waulize huko.

Panapokoma diplomasia

Si kila tofauti ni ya kusuluhishwa. Nani apike Jumapili ni jambo la kupatana. Kama mwenzako anaamini kwamba mke hupigwa ili aelekezwe, usipatane naye, hata kama hajawahi kukugusa, nayo Sheria ya Ndoa yenyewe, kifungu cha 66, imekwisha kusema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Vivyo hivyo kwa anayetaka namba ya siri ya simu yako kama sharti la mapenzi, na kwa anayekudhihaki mbele ya marafiki zake kwa jambo mlilokubaliana faraghani, awe mwanamume au mwanamke.

Kipimo ninachokiamini kuliko maswali yote ya hapo juu ni kumkatalia mtu jambo dogo na kumtazama. Sema hapana kwa kitu kisicho na uzito, kama safari ya Jumamosi, kisha usieleze sana. Atakayeuliza sababu, akanuna kidogo, akapanga Jumamosi nyingine, huyo mnaweza kutofautiana naye miaka mingi kuhusu jiko na mshahara na bado mkaishi. Atakayekuadhibu kwa kimya cha siku nne amekuonyesha nyumba yake itakavyokuwa, hata kama kwa maneno mnakubaliana kila kitu.

Epuka na maigizo. Kijana anayeosha vyombo kwa miezi sita ya uchumba huku akihesabu siku, na binti anayejifanya hana maoni mpaka pete iingie kidoleni, wote wanakopa kwa riba. Kama huwezi kuendelea na jambo baada ya fungate, usilianze kabla ya posa.

Maneno ya kumpa mshenga

Mkishapatana, mweleze mshenga, kwa sababu ndiye atakayeulizwa na wazee maswali ambayo ninyi hamtakuwepo kuyajibu. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe asiyejua anachokibeba huaibishwa. Mpe mambo matatu au manne tu, kwa lugha ambayo wazee hawataiona ni ya kuwafundisha. Usimtume aseme kwamba “wamekubaliana kugawana majukumu”. Mtume aseme kwamba binti anaendelea na kazi yake na kijana ameridhia, kwamba watakaa Dar es Salaam kwanza, kwamba mama wa kijana akija kukaa nao atapokelewa na wote wawili. Wazee huafiki kwa urahisi jambo lililokwisha kuridhiwa kuliko jambo linaloombwa.

Mkaja wa mama na kilemba cha mjomba vipelekwe bila mabishano, hata kama mmoja wenu anaviona vimepitwa na wakati. Na kama yapo mliyokubaliana ambayo wazee hawapaswi kuyasikia, kama zamu za kuosha vyombo, mwambieni mshenga wazi kwamba hayo hayatoki. Nikiwa barazani kwa watu, na mzee akinikazia macho akiniuliza “hivi huyu binti anajua kupika?”, nataka niwe najua kama jibu ni ndiyo, au kama ni lile ninalolipenda zaidi, kwamba kijana wetu naye anakuna nazi vizuri sana, kwa hiyo mtu hatalala njaa.